Sampuli Inaposafiri

Mwaka 1801, katika chuo cha madini cha Mexico City, mwalimu mzaliwa wa Madrid aitwaye Andrés Manuel del Río alikuwa akichunguza jiwe la kahawia lenye madini ya risasi kutoka machimbo ya Zimapán. Kila alipolitia kemikali nyingine alipata chumvi ya rangi nyingine, na hakuna metali aliyoijua iliyokuwa na tabia hiyo. Akaamini kwamba ana elementi mpya. Kwanza aliiita pankromi, kwa sababu ya wingi wa rangi zake; baadaye, alipoona chumvi zake zikiwa nyekundu zinapochomwa, akaiita eritroni.

Alexander von Humboldt alipopita Mexico alichukua vipande vya jiwe lile kwenda navyo Ulaya. Mwaka 1805 mkemia Collet-Descotils akalipima jiwe mjini Paris, akasema hakuna elementi mpya humo, ni kromi tu. Del Río akakubali. Aliyekuwa na jiwe, aliyeona rangi kwa macho yake, alifuta kauli yake kwa neno la mtu aliyepata kipande kilichovuka bahari. Ilipofika mwaka 1830, Nils Gabriel Sefström wa Sweden alikuta kitu kigeni katika chuma kilichotokana na mawe ya Taberg, akakipa jina la vanadi. Mwaka uliofuata Friedrich Wöhler akalirudia jiwe la Zimapán na kuthibitisha kwamba vanadi ya Sefström na eritroni ya del Río ni kitu kimoja. Jina la Sefström ndilo lililobaki.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Mimi nakiona kuwa kisa cha jambo ambalo halijaisha, hasa kwa wanaofanya sayansi mbali na vifaa vikubwa. Kutengeneza kitu ni kazi ya kwanza. Kuthibitisha kwamba ulichotengeneza ndicho unachosema ni kazi ya pili, na mara nyingi ni ngumu zaidi. Anayemiliki vifaa vya kazi ya pili ndiye mwenye hukumu. Sijui maada inayolionyesha jambo hili waziwazi kuliko oksaidi za vanadi, na leo, zinapotengenezwa kwa ukubwa wa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita, zinalionyesha kwa ukali zaidi.

Hata mabingwa wamepotea humu. Jöns Jacob Berzelius, aliyeheshimiwa kuliko karibu wakemia wote wa zama zake, aliamini amepata metali yenyewe ya vanadi, na uzito wa atomu aliotangaza ulikuwa kama 68.5. Katika miaka ya 1860 Henry Roscoe wa Manchester alionyesha kwamba Berzelius hakuwa ameshika metali safi: ndani yake mlikuwa bado na oksijeni au naitrojeni. Uzito wa kweli ni karibu 51. Oksijeni ina 16, kwa hiyo ukijumlisha unaona mara moja alipojikwaa. Roscoe mwenyewe aliipata metali kwa kupitisha haidrojeni juu ya kloridi ya vanadi kwenye joto kali, na ilimbidi apigane na kila tone la hewa na unyevu lililotaka kuingia.

Chanzo cha usumbufu wote ni ukarimu wa atomu yenyewe. Vanadi inaweza kutoa elektroni mbili, tatu, nne au tano, na kila hesabu ina rangi yake ndani ya maji yenye asidi: zambarau, kijani, buluu, njano. Kwa hiyo oksaidi zake ni nyingi. Pentoksaidi, V₂O₅, ni unga wa njano unaoelekea rangi ya chungwa, ndiyo inayotumika viwandani kuwa kichocheo cha kutengeneza asidi ya salfuriki. Dioksaidi, VO₂, ni nyeusi yenye ubuluu. Chini yake ipo V₂O₃, na baina ya hizi kuna ukoo mzima wa oksaidi nyingine zenye oksijeni kidogo zaidi au kidogo pungufu. Dioksaidi peke yake ina maumbo kadhaa ya fuwele ambayo fomula yao ni ileile: atomu zilezile, kwa idadi ileile, zimepangwa tofauti, na tabia ni tofauti kabisa.

Umbo moja kati ya hayo ndilo linalowafanya watu wakeshe. Mwaka 1959, katika maabara za Bell nchini Marekani, F. J. Morin aliripoti kwamba dioksaidi ya vanadi ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 68 za Selsiasi hugeuka ghafla. Chini ya hapo umeme hupita kwa shida. Juu ya hapo hupita kama katika metali, na katika fuwele nzuri tofauti hufika mara elfu kumi au zaidi. Kwenye ubaridi atomu za vanadi husimama wawiliwawili, umbali kati yao ukipishana, nanomita 0.265 kisha 0.312. Joto likivuka mpaka, wawili huachana na umbali wote huwa sawa, kama 0.285. Wanafizikia bado wanabishana kipi kinatangulia, kuachana kwa atomu au kufunguka kwa elektroni zilizokuwa zimezuiana, na ubishi huo umezaa kazi nzuri kiasi kwamba sitamani uishe haraka.

Kwa mtu anayeishi penye jua kali, jambo la kusisimua ni kinachotokea kwa mionzi. Utando mwembamba wa dioksaidi hii juu ya kioo, ukiwa baridi, huruhusu mwanga na sehemu ya infraredi ya jua, ile inayobeba joto bila kuonekana. Ukipata moto wa kutosha unaizuia infraredi, huku mwanga wa kuonekana ukibadilika kidogo tu. Dirisha linajifunga lenyewe dhidi ya joto, bila swichi wala waya, na chumba kinabaki na mwanga.

Kwa nini nanomita, basi? Sababu moja ni ya kimwili na iko wazi: fuwele kubwa ya dioksaidi ikigeuka, umbo lake linavutika upande mmoja, na baada ya kupashwa na kupozwa mara kadhaa hupasuka. Utando mwembamba, uzi mwembamba au chembe ndogo hustahimili mvutano huo. Kwa hiyo udogo hapa ndio unaokifanya kitu kidumu. Lakini udogo una gharama, na gharama yenyewe ni hii ninayoizungumzia. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu yake kubwa inavyokuwa ngozi, ndivyo hewa inavyokigusa kwa wepesi, na ndivyo inavyokuwa vigumu kusema kwa uhakika ni oksaidi ipi uliyo nayo.

Tazama njia moja ya kuitengeneza, ile isiyohitaji mashine ya bei kubwa. Unachukua unga wa pentoksaidi, kwa glavu na barakoa kwa sababu vumbi lake ni sumu kwa mapafu, unaumimina katika maji yenye asidi ya oksaliki na kukoroga juu ya moto mdogo, nyuzi 80 hivi. Mwanzoni ni tope la njano. Viputo vya kabonidioksaidi vinaanza kupanda, kwa kuwa asidi inaungua polepole na kuipa vanadi elektroni moja moja. Njano inaingiwa na kijani. Huo ni mchanganyiko wa atomu zilizokwisha kupokea elektroni na ambazo bado hazijapokea. Ukingoja, kijani kinazama na kubaki buluu safi inayopenyeka kwa mwanga, bila chembe hata moja chini ya chombo. Sijaona mabadiliko ya kemia yanayojieleza wazi zaidi ya hayo kwa jicho tupu.

Myeyuko huo wa buluu unafungwa ndani ya kikombe cha tefloni, kikombe ndani ya chombo kizito cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa nguvu, na chombo kinaingia ovenini kwenye nyuzi 180 kwa siku moja au zaidi. Maji hayawezi kutoka, kwa hiyo shinikizo linapanda. Humo gizani fuwele zinaota. Chombo kikipoa unakuta mashapo meusi yenye ubuluu. Unayaosha kwa maji na ethanoli, unayazungusha kwenye mashine hadi yatuame, unayakausha. Chini ya hadubini ya elektroni utaona vijiti na nyuzi zenye upana wa makumi au mamia ya nanomita. Ukipunguza asidi ya oksaliki tangu mwanzo, badala yake unaweza kupata nyuzi za kijani za oksaidi nyingine yenye maji ndani yake. Ukitia amini yenye mnyororo mrefu wa kaboni na kuacha kwa siku saba kwenye nyuzi hizohizo 180, kama walivyofanya watafiti wa Zürich walioripoti kazi yao mwaka 1998, tabaka za oksaidi zinajikunja kama mkeka na kuwa mirija yenye kuta nyingi. Na ipo njia ya zamani zaidi: tangu mwaka 1885 Mfaransa Ditte alijua kwamba pentoksaidi inaweza kuwa jeli nyekundu ndani ya maji, na karne moja baadaye Jacques Livage wa Paris akaijenga upya kemia hiyo ya upole, isiyotaka moto mkali.

Sasa una unga mweusi kwenye kichupa. Ni nini? Umetarajia dioksaidi, na huenda ni dioksaidi kweli, lakini kwa njia hii mara nyingi inatoka katika umbo linaloitwa B, ambalo halina ule mgeuko wa nyuzi 68. Lazima ulipashe tena hadi karibu nyuzi 500, ndani ya ombwe au gesi ya naitrojeni, ili atomu zijipange upya. Tanuri likivuja hewa kidogo tu, unafungua na kukuta njano: pentoksaidi imerudi, na kazi ya siku nyingi imerudi mwanzo. Likiwa na ukosefu mkubwa wa oksijeni, unaingia upande wa pili, kwenye oksaidi zilizo chini. Unga mweusi hauwezi kukwambia kwa rangi yake kwamba ni upi kati ya hayo. Rangi zilizomwongoza del Río zinaishia hapa.

Basi unaita mashahidi. Wa kwanza kwa kawaida ni mashine ya eksirei. Inaupiga unga kwa mionzi na kurekodi pembe ambazo mionzi hiyo inarudi kwa nguvu, na kila mpangilio wa atomu una pembe zake. Kwa eksirei za shaba, dioksaidi tunayoitaka hutoa mlima mkubwa karibu na pembe ya 27.8, na pentoksaidi karibu na 20.3. Ni shahidi mwaminifu, lakini hasikii sauti ndogo. Asilimia chache za oksaidi nyingine zinaweza kumpita, na kitu kisicho na mpangilio wa fuwele hakimwachii alama yoyote ya maana.

Wa pili ni leza, kwa njia ya Raman. Unaimulika sampuli na kusikiliza jinsi atomu zinavyotikisika. Pentoksaidi hujulikana mara moja kwa mstari wake mkali karibu na 994 kwa sentimita, unaotoka kwenye kifungo kifupi kati ya vanadi moja na oksijeni moja. Lakini leza ni moto. Ukiielekeza kwa nguvu juu ya dioksaidi, sehemu iliyomulikwa inaweza kuvuka nyuzi 68 yenyewe, na mistari uliyoitegemea ikafifia kwa kuwa kitu kimekuwa metali mbele ya macho yako. Ukiongeza zaidi, hewani, dioksaidi inaungua kuwa pentoksaidi, na mstari wa 994 unajitokeza. Mtu asiye mwangalifu ataandika kwamba sampuli yake ina pentoksaidi. Ni kweli inayo. Ameiweka yeye dakika ileile.

Hadubini ya elektroni ina kosa la upande wa pili: mwale wake unaweza kung'oa oksijeni kutoka kwenye pentoksaidi, ikashuka daraja wakati unaitazama. Na kifaa kinachopima nishati ya elektroni zinazorushwa na eksirei, ambacho ndicho kinachotenganisha vanadi ya nne, iliyotoa elektroni nne, na vanadi ya tano, iliyotoa tano, kinazitofautisha kwa pengo la karibu elektronivolti moja tu, na kinaona nanomita chache za juu. Ngozi ya dioksaidi iliyokaa hewani huwa imeshaoksidika. Kwa hiyo kifaa kinaweza kuapa kwamba sampuli ina vanadi ya tano nyingi, ilhali ndani, chini ya ngozi hiyo, yote ni vanadi ya nne.

Hapa ndipo naona uzuri wa kazi hii, na ndipo namwonea uchungu del Río. Hakuna shahidi hata mmoja hapa ambaye ni mwongo. Kila mmoja anasema kweli ya mahali aliposimama na ya athari aliyoileta mwenyewe. Mtafiti mwangalifu anapunguza nguvu ya leza na kupima tena, anasogeza mwale, anamuuliza shahidi mwingine, halafu anafanya kile ambacho mimi nakiona kuwa kipimo chenye heshima kuliko vyote: anaweka nyaya mbili kwenye utando, anaupasha polepole na kuupoza polepole, na kuangalia ukinzani wa umeme. Ukianguka ghafla karibu na 68, ni yenyewe. Wakati wa kupoa hurudi kwa kuchelewa, na ukubwa wa kuchelewa huko unaeleza mengi: katika fuwele safi ni nyuzi chache, katika chembe ndogo zilizotengana unaweza kufika makumi ya nyuzi, kwa sababu chembe isiyo na kasoro yoyote haina mahali pa kuanzia kugeuka. Mita ya umeme na kipimajoto, vitu ambavyo maabara yoyote ya chuo chetu inavyo, vinatoa jibu ambalo mashine ya mabilioni inaweza kulikosea.

Nasema chuo chetu kwa sababu kazi hii imefanyika kwetu. Katika Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tando za kudhibiti jua zimechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2006 R. T. Kivaisi na N. R. Mlyuka walichapisha utafiti unaohusianisha umbo, umeme na mwanga katika tando za dioksaidi ya vanadi. Mwaka 2009 Mlyuka, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, alionyesha jambo ambalo nadhani lilistahili kutangazwa redioni. Matatizo ya dirisha linalojifunga ni mawili: nyuzi 68 ni joto kubwa mno kwa kioo cha dirisha, na utando wenyewe una rangi ya kahawia-njano inayokula mwanga. Tungsteni kidogo inashusha joto la mgeuko vizuri sana, zaidi ya nyuzi 20 kwa kila asilimia ya atomu, lakini haiusaidii mwanga. Wao walitia magnesi. Joto la mgeuko lilishuka, ingawa kwa nyuzi 3 hivi tu kwa kila asilimia, na utando ukapitisha mwanga zaidi. Kitu kimoja kikasaidia pande zote mbili.

Kusini, karibu na Cape Town, Malik Maaza wa iThemba LABS, anayeongoza kiti cha UNESCO na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kuhusu sayansi ya nano, ameifanya dioksaidi hii kuwa mojawapo ya mada zake kuu, na wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara wamepita mikononi mwake. Hili ni jambo kubwa. Maana hali ya kawaida katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki bado ni ile ya Zimapán. Unga unatengenezwa hapa, kwa mikono ya hapa, halafu kichupa kinafungwa vizuri, kinaandikwa namba, kinasafiri. Picha ya hadubini inarudi kwa barua pepe. Mwanafunzi anaibandika kwenye tasnifu yake bila kuwahi kukaa mbele ya mashine iliyoipiga, bila kujua mwale ulikuwa na nguvu gani, ulikaa sekunde ngapi mahali pamoja, wala sampuli ilikaa hewani muda gani kabla ya kuingizwa. Kwa maada nyingine huenda hilo ni upungufu mdogo. Kwa oksaidi za vanadi, maswali hayo ndiyo utafiti wenyewe.

Ushirikiano na Uppsala au Cape Town siulaumu. Bila huo tusingekuwa na kazi niliyoitaja. Ninachodai ni kiti mbele ya mashine. Mwanafunzi asafiri pamoja na kichupa, na aguse vitufe. Na pale inapowezekana mashine ije, na ije na fundi anayelipwa, na bajeti ya vipuri, na umeme usiokatika katikati ya kipimo, kwa kuwa pampu ya ombwe iliyozimika ghafla inaweza kuharibu zaidi ya sampuli.

Upo pia upande ambao hukumu haiwezi kutolewa kwingine. Dioksaidi ikikaa kwenye joto na unyevu huoksidika polepole kuelekea pentoksaidi na kupoteza mgeuko wake. Kikundi cha Uppsala kiliripoti mwaka 2014 kwamba utando mwembamba wa oksaidi ya alumini juu yake unaukinga, baada ya kuupima ndani ya chemba yenye unyevu mwingi. Chemba ni chemba. Pwani yetu ina unyevu na chumvi kwa pamoja, jua la utosini, vumbi la kiangazi, mvua za masika zinazopigwa na upepo wa kusi, na maghorofa ya vioo yanayozidi kuota katikati ya Dar es Salaam huku viyoyozi vikinguruma mchana kutwa. Vipande vya kioo vyenye utando wa magnesi na vingine wa tungsteni, vyenye kinga na visivyo na kinga, viwekwe juu ya paa la jengo karibu na bahari, na kila baada ya miezi michache vishushwe, vipashwe, vipozwe, ukinzani wake uandikwe. Vibaki huko miaka mitano. Mashine ya eksirei ihitajike mara moja kwa mwaka, mita ya umeme ihitajike daima. Hakuna jiji la Ulaya linaloweza kupima hilo kwa niaba yetu, na takwimu zitakazopatikana, wenye kutengeneza vioo popote duniani watalazimika kuzisoma kutoka kwetu.